Mpandishe Mama kwenye Boti

Lubumbashi, tarehe 6 mwezi wa kumi

Kwako yaya Isidore, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi. Ninaanza na salamu kwa sababu mama alitulea hivyo, kwamba hata ukienda kugombana na mtu unabisha hodi kwanza. Basi hodi. Umeamkaje? Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua wakati wa mvua unaendeleaje? Mke wako Dorothée hajambo, na watoto wanasoma vizuri? Mvua imeshafika Baraka, au barabara ya Lweba bado inawatia watu vumbi mpaka kwenye kope? Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, ninafanya kazi. Joto la Lubumbashi mwezi huu ni kali na umeme unakatika ovyo, lakini sikuandika ili kulalamikia joto.

Salamu zimeishia hapo. Yaliyobaki hayatakupendeza.

Barua hii imeletwa na Jocelyne, yule mama Mrundi wa kambi ya Lusenda. Nimemwomba akukabidhi mkononi, kisha akae barazani mpaka umalize kuisoma. Usimfukuze. Usimwambie arudi kesho. Sikutaka kukupigia simu kwa sababu nakujua: ungenikatiza neno la pili, ungeanza kunifundisha maisha, halafu ungesema mtandao ni mbaya. Karatasi haikatizwi. Utaichana ukitaka, lakini baada ya kuisoma.

Unakumbuka siku niliyorudi kutoka Dar es Salaam, mwezi wa pili mwaka jana. Mlinichinjia mbuzi. Uwanja ulijaa watu, wajomba walishuka kutoka Fizi-Centre, mama alivaa kitenge chake cha sikukuu. Mjomba Alphonse aliniuliza nimesomea nini hasa, na wewe ukajibu kabla yangu, kwamba nimesomea kupiga watu picha za mifupa. Nikasema hapana, picha ni mashine nyingine. Nikaeleza polepole, kwa heshima, kwamba kuna mashine inayotuma mionzi kwenye uvimbe wa kansa mpaka uvimbe ufe, kwamba munganga, yaani daktari, ndiye anayeamua, na kazi yangu ni kumlaza mgonjwa, kumlinganisha na mwanga mpaka asihame hata kwa upana wa punje ya mchele, kutoka, kufunga mlango mzito, kuwasha. Watu walikuwa wananisikiliza. Mama alikuwa ananisikiliza mdomo wazi. Ndipo ulipocheka, ukapiga meza, ukasema: "Miaka ine yote kule Dar, kumbe ulienda kujifunza kuchoma batu!"

Walicheka wote, yaya. Hata mama alicheka, kwa sababu wewe ulicheka. Kisha ukaiga Kiswahili changu, ukisema naongea kama redio ya Tanzania. Basi ninakuandikia kwa Kiswahili hicho hicho. Endelea kucheka.

Nilitafuta kazi miezi mingi na unajua nilivyoitafuta, ingawa uliwaambia majirani kwamba nasubiri iletwe kitandani. Nilikwenda kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, na munganga mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaisoma diplome yangu mstari kwa mstari. Kisha akaniuliza: "Mashine yako iko wapi, mademoiselle?" Nikasema sina. Akanionyesha groupe lao la umeme nje, lililofunikwa bati. Akasema wakitaka kupasua mtu wanawasha ile, na mashine yangu ingekunywa courant yote ya Baraka na ya Fizi, na bado ingeomba ya Uvira. Hakunitukana. Alisema ukweli, na ukweli wake ulinichoma kuliko matusi yako.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Fizi-Centre, saa mbili za mawe na mabonde, kwenda kwenye biro ya shirika moja la misaada. Bwana wa pale aliniambia kwamba kama ningekuwa mkunga ningeanza siku ile ile. Aliniuliza kama naweza kusimamia usafi wa vyoo vya kambini. Sikukataa, nikaandika jina. Hawakuniita. Nilirudi Baraka na vumbi la njia nzima kichwani, na wewe ukaniambia mbele ya wagonjwa wako kwamba nikiwa nimechoka kuzurura, dispensaire yako, hiyo zahanati yako, ina ufagio.

Nikaushika huo ufagio. Mwaka mzima na zaidi nilifagia, nilichemsha vyombo, niliandika majina ya wagonjwa, niliwawekea kipimajoto. Uliniita Mademoiselle Rayon, Bi Mionzi, na jina likatembea Baraka nzima mpaka sokoni. Siku moja mama mmoja wa Lweba alimvuta mtoto wake nilipomsogelea, akasema: "Ule wa mionzi asimuguse." Ulikuwa umekaa mezani pako, mita mbili kutoka pale. Neno moja tu kutoka kwako lingetosha. Ulimtazama yule mama, ukatabasamu, ukaendelea kuandika.

Najua utasema ulinibeba. Hiyo ndiyo ngao yako siku zote. Ni kweli, mwaka wa vita ulinibeba mgongoni kutoka Lweba mpaka kwenye mtumbwi uliotuvusha kwenda Kigoma, mimi nikiwa na miaka mitatu na wewe kumi na minne, na baba hakuvuka. Kule kambini ulininyang'anyia uji kwa watu wakubwa. Sijasahau, na mama hajaniacha nisahau. Lakini mtu aliyekubeba mgongoni hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kukukalia kichwani.

Sasa sikiliza jambo ambalo unafikiri silijui.

Mwezi wa tatu mwaka jana, mwezi mmoja tu baada ya kurudi, niliandika kuomba kazi kwenye kliniki mpya ya mionzi ya hapa Lubumbashi. Walikuwa wanasubiri mashine na walitafuta watu wanaoijua. Simu yangu ilikuwa imeanguka ziwani nikishuka kwenye boti, unakumbuka, kwa hiyo kwenye barua yangu niliweka nambari yako. Kila Jumamosi nilikuuliza kama kuna mtu amepiga. Ulinijibu hakuna. Mara ya mwisho uliniambia: "Bale batu ya Lubumbashi beko na batu yabo. Weye tulia hapa kwenu." Nilikuamini kwamba wana watu wao. Nilitulia. Niliwaandikia tena mara moja, sikupata jibu, nikasema basi, Mungu hakupanga.

Mwezi wa nne mwaka huu, Jumanne moja, Jocelyne alikuja dispensaire akiwa na homa. Hukuwepo, ulikuwa umekwenda mazishini. Nilimfungua kifungo cha juu cha blauzi ili nimwekee kipimajoto kwapani, nikaona katikati ya kifua chake kidoti cha buluu, kidogo kama kichwa cha pini. Alipoona natazama, aliivuta blauzi yake na kuinamisha kichwa, kwa sababu kule kambini walikuwa wameshamwambia kwamba ile ni alama ya wachawi, kwamba titi lake lililokatwa lilikwenda kuliwa na ngozi yake iliyoungua ni moto wa kuzimu. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba ana vidoti viwili vingine: kimoja ubavu wa kulia na kimoja ubavu wa kushoto, usawa mmoja.

Aliinua kichwa. Kisha akaniuliza: "Ni nani alikuambia?"

Nikasema hakuna aliyeniambia. Nikasema vidoti hivyo tunavichora sisi, ili kila siku mgonjwa alale pale pale alipolala jana na mionzi isikose njia. Nikamwambia aliyemchorea aliijua kazi yake, kwa maana mstari umenyooka. Jocelyne akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akanishika mikono yote miwili. Tangu avuke ziwa kumfuata mume wake Gordien huko Lusenda, alisema, mimi ndiye mtu wa kwanza kumgusa kifua bila kunawa mikono haraka haraka. Na mimi, yaya, tangu nirudi Baraka, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenitazama kama mtu mwenye kazi. Mtu aliyepona yuko mbele yangu, anapumua, ana malaria kama watu wengine wote, na yule aliyekuwa akiitwa mchomaji wa watu anamwekea kipimajoto.

Alikuwa ametibiwa Dar, miaka sita iliyopita, akitoka kambi ya Tanzania. Aliyemlaza kila siku kwenye mashine alikuwa Mkongomani, mwenyeji wa Kalemie, jina lake Eddy, na alikuwa amemwachia nambari ya simu ili akipata shida ampigie. Jocelyne aliniambia nije Lusenda Alhamisi, tumpigie pamoja, huenda akajua mahali pa kazi.

Nilikwenda. Tulipanda kile kilima nyuma ya kambi ambapo mtandao unashika. Simu ikaita mara moja tu. Jocelyne akamsalimia, wakafurahi, kisha akanipa simu, nikajitambulisha kwa majina yangu yote na kusema natoka Baraka. Kisha Eddy akauliza: "Constance ya Baraka? Lakini si ulioleaka?"

Nikasema sijaolewa. Akasema yeye sasa ni mkuu wa mafundi wa mionzi kwenye kliniki ya Lubumbashi. Akasema barua yangu ya maombi ilikuwa ya kwanza kwenye rundo lao, na mwezi wa sita mwaka jana alinipigia yeye mwenyewe, mara mbili, kwenye nambari niliyoandika. Mwanaume alipokea. Mara ya kwanza alisema nimesafiri. Mara ya pili alisema: "Ule dada iko kwa bwana yake sasa. Hataki tena ile kazi ya kuchoma batu."

Kuchoma batu. Sikuhitaji kumwuliza Eddy sauti ilikuwaje.

Nilikaa chini kwenye majani. Jocelyne alinishika bega. Eddy alikuwa bado anaongea: kwamba walimchukua mtu mwingine, kwamba mashine ilichelewa bandarini karibu mwaka mzima, kwamba sasa inafanya kazi na nafasi ya pili iko wazi, lakini kuna mtu wa Kinshasa anayeitaka. Nikiweza kufika ndani ya siku kumi na diplome yangu mkononi, nafasi ni yangu. Nikamwambia nitafika.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, yaya. Sikuipata kwa munganga mkuu, wala kwa bwana wa shirika, wala kwako uliyenibeba. Niliipata kwa mkimbizi mwenye homa, ambaye wewe, siku uliporudi kutoka mazishini, uliniambia nisimchekee sana kwa sababu Warundi wana mambo.

Nilikuambia ninakwenda Lweba kumwona shangazi Émilienne. Ulisema sawa, ukaniagiza nikuletee samaki, mikeke. Nilipita njia ya bandarini, nikapanda boti ya Kalemie. Mama peke yake ndiye niliyemwambia ukweli wa safari, na nilimwomba asikuambie mpaka siku tatu zipite. Ulipojua, ulinipigia ukanitukana nikakusikiliza mpaka mwisho. Uliniita mtoro na mwizi. Sikusema kitu kuhusu simu ya mwezi wa sita. Nilitaka siku nitakayoisema uwe huwezi kunikatiza.

Nikueleze kidogo kazi yenyewe, maana hujawahi kuniuliza. Ninaingia saa moja asubuhi. Tunaipasha mashine moto, tunaipima, kisha tunamwita wa kwanza. Wengi ni wanawake. Wanatoka Likasi, Kolwezi, Pweto, wengine wamesafiri wiki nzima. Wanaogopa ule mlango mzito unapofungwa na wao kubaki ndani peke yao, kwa hiyo ninaongea nao kwa kipaza sauti, ninawahesabia dakika. Kuna mama mmoja wa Kalemie anayeimba nyimbo za kanisani mwanzo mpaka mwisho, na tukimaliza ananiambia nimemkatiza ubeti. Alifika akitoka damu mpaka anabebwa. Wiki ya tatu alitembea mwenyewe kutoka lango mpaka kitandani. Hakuna aliyemchoma.

Mama huyo ndiye aliyeniuliza, mwezi uliopita, nikimfunika shuka: "Na weye, mama yako anaikala?" Nikasema yupo, Baraka. Akasema: "Anajisikia muzuri?" Nikasema ndiyo. Nilitoka nje, nikafunga mlango, na ilibidi Eddy awashe mashine kwa sababu mimi sikuwa naona vizuri.

Siku ile ile nilimpigia binamu yetu Merveille. Nilimwambia aende nyumbani kwako akamtazame mama kwa macho, asiulize mtu. Alinipigia kesho yake. Amesema mama amebaki mifupa. Amesema anakaa juu ya kitambaa kilichokunjwa na hapokei tena wageni kwa sababu ya harufu. Amesema mama anakula vijiko viwili vya bukari na kusukuma sahani. Na amesema wewe unampiga sindano. Tangu mwezi wa tano unampiga sindano, umebadilisha aina mara nne, unamwambia ni maambukizi, unamwambia yataisha. Miezi mitano, Isidore! Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, aliyemaliza hedhi zamani, anatoka damu miezi mitano, na wewe mwenye kibao cha "Infirmier", muuguzi, nje ya mlango hukumpeleka kwa munganga hata mara moja. Uliogopa nini? Kwamba munganga angekuambia hujui? Ulikuwa na dada aliyesomea ugonjwa huo huo. Ulikuwa na nambari yangu. Lakini kunipigia ingekuwa kukiri kwamba ile kazi ya kuchoma watu ni kazi.

Sasa haya yafuatayo si maombi.

Nimeongea na munganga wetu. Amekubali kumpokea mama na mambo yote ya hapa nimeshayapanga. Hakunidanganya. Amesema kwa jinsi nilivyomweleza huenda tumechelewa, huenda mionzi itazuia damu na kupunguza maumivu na si zaidi ya hapo. Amesema pia kwamba ameona waliochelewa kuliko mama wakirudi kwao wanatembea. Eddy ndiye atakayemlaza, kwa sababu kanuni ya kliniki hairuhusu fundi kumtibu mtu wa damu yake. Mimi nitakaa nje ya mlango kama ndugu wa wagonjwa wengine.

Boti inaondoka Baraka Alhamisi asubuhi. Jocelyne atasafiri na mama mpaka Kalemie. Anajua kumgeuza mgonjwa, anajua kumwosha, na hataziba pua. Gordien amekubali abaki na watoto. Merveille atafunga nguo. Wewe kazi yako ni moja: umbebe mama mpaka botini, kwa maana hawezi kutembea mpaka bandarini na wewe una mgongo wa kubeba watu. Usimpe sindano nyingine. Usimwambie kwamba kule wanachoma. Ukimwambia neno hilo ataogopa, na akiogopa atakataa, na akikataa atafia kwenye kile chumba cha nyuma huku wewe ukitafuta sindano ya aina ya tano.

Nitakuwa Kalemie tangu Jumatano, nikimsubiri.

Linabaki jambo moja, na limenifanya nichane karatasi tatu kabla ya hii. Ningeweza kuliacha. Usingelijua kamwe. Lakini nimekuhukumu kurasa hizi zote, na nikilinyamazia nitakuwa nimekudanganya kama ulivyonidanganya.

Ile Alhamisi niliyotoka Lusenda, baada ya kuongea na Eddy, nilimkuta mama jikoni peke yake akitwanga majani ya sombe. Nilikuwa nimejaa, nusu furaha na nusu hasira yako, nikakaa kwenye kigoda nimwambie habari ya kazi. Yeye akatangulia. Aliacha kutwanga, akasema bila kunitazama: "Mwanangu, damu imerudi. Nilizani hii kazi niliisha kuimaliza zamani."

Nilimuuliza maswali matatu. Tangu lini? Akasema tangu Noeli. Mgongo unauma chini? Akasema unauma sana. Kuna harufu? Hapo aliushika tena mchi.

Yaya, nimewalaza wanawake zaidi ya mia mbili waliojibu maswali hayo vile vile. Sikuhitaji kipimo. Nilijua pale pale, kwenye kile kigoda, kama ninavyojua jina langu. Na nilijua kitu kingine: nikisema neno lile, kansa, sitapanda boti. Ungesema mimi ndiye msichana, nikae na mama. Wajomba wangesema hivyo. Ningekaa, siku kumi zingepita, mtu wa Kinshasa angechukua nafasi, na mimi ningebaki na ufagio wako maisha yangu yote. Nilifikiri haya yote kwa muda wa mchi kupanda na kushuka.

Nikamwambia: "Ni mambo ya uzee tu, mama. Uende kwa yaya, atakupiga sindano."

Aliniamini, kwa sababu ni mimi niliyesomea. Alisema asante, Mungu akubariki, akaendelea kutwanga. Nilijiambia nikifika Lubumbashi, wiki ya kwanza tu, nitamwita. Wiki ya kwanza nikasema nijulikane kwanza kazini. Mwezi wa kwanza nikasema wacha nipange nyumba yenye nafasi. Kisha sikujiambia kitu tena. Nilikuwa nalaza mama za watu wengine kila siku, na jioni sikupiga simu nyumbani.

Kwa hiyo zile sindano zote ulizompiga, mimi ndiye niliyemtuma aje achomwe. Wewe ulikosea kwa sababu hukujua na ulikuwa na kiburi cha kutouliza. Mimi nilijua.

Sikuombi unisamehe, na sitaki udhani kwamba hili limefuta simu ya mwezi wa sita. Halijaifuta. Bado sijui kama nitakaa meza moja nawe tena. Lakini sasa unalo neno la kuniangamiza nalo mbele ya ukoo wote, na mbele ya mama. Litumie. Uite wajomba washuke kutoka Fizi, uwasomee ukurasa huu kwa sauti. Nakuomba tu, na hili ndilo ombi langu la pekee kwenye barua nzima, usubiri mpaka boti iwe imeondoka.

Msalimie Dorothée, mwambie nakumbuka mikono yake iliyonipikia na sina neno naye. Wasalimie watoto wako wote kwa majina. Msalimie mjomba Alphonse na majirani waliocheka. Mama usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe Kalemie, na nikishampa nitamwambia nilichomfanyia.

Jocelyne bado yuko barazani. Mpe maji ya kunywa.

Ni mimi dada yako,
Constance